Tunakaa jengo moja, hatukai pamoja

SWALI

Wapendwa washauri, salaam.

Mimi ni mama wa watoto wawili na katibu wa kamati ya wakazi katika jengo la ghorofa sita hapa Upanga, Dar es Salaam. Tuna fleti 24, nne kila ghorofa. Fleti 14 wanakaa Watanzania wenye asili ya Kihindi, wengi ni wamiliki na wapo tangu enzi za wazee wao. Fleti 10 tunakaa Waafrika, wachache tumenunua na wengi ni wapangaji. Miaka yote tumekuwa watu wa kusalimiana kwenye lifti, kisha kila mtu na mlango wake. Mwezi uliopita mambo yakalipuka.

Chanzo ni maji. Pampu iliungua, mweka hazina akasema hela ya kununua nyingine haitoshi kwa sababu fleti sita zinadaiwa ada ya huduma, shilingi 80,000 kwa mwezi. Akabandika majina ubaoni. Manne kati ya hayo sita ni ya Waafrika. Kwenye kikao, mzee mmoja akamnong'oneza mwenzake kwa Kigujarati kwamba "hawa watu ndivyo walivyo". Kumbe jirani yetu aliyekulia Kisutu anakielewa, akatafsiri kwa sauti. Kijana wa ghorofa ya pili akasimama: "Nyie magabacholi rudini kwenu Bombay." Yule mzee kazaliwa Tanga.

Tangu siku ile yametoka mengi yaliyokuwa yamefunikwa. Mlinzi wetu, mtu mzima mwenye wajukuu, anaitwa "boi" mpaka na watoto wa shule. Tunamlipa wenyewe 250,000 kwa mwezi, hana mkataba wala NSSF. Madada wa kazi wanaambiwa wapande ngazi, lifti ni ya wenye nyumba. Katika baadhi ya fleti dada ana kikombe chake cha plastiki kinachokaa chini ya sinki, hakichanganywi na vingine. Na upande wa pili, jirani yangu Mhindi kaniambia kila anapokwenda, sokoni au ofisini, anatajiwa bei ya Mhindi, na kwamba babu yake alichukuliwa nyumba mwaka 1971 na hajapata mtu wa kumwambia pole. Makundi ya WhatsApp ya jengo sasa ni mawili.

Mwenyekiti anataka tupike pilau ya pamoja, tumwite shehe na padri watoe mawaidha, bajeti shilingi 1,200,000, halafu ya zamani tuyaache. Roho yangu inakataa, lakini sina la kupendekeza badala yake. Kuponya mgawanyiko wa rangi kunahitaji nini hasa?

Katibu, Upanga


JIBU

Dada Katibu, pole kwa mzigo huu, na asante kwa kuandika mambo kama yalivyo, hadi kikombe.

Roho yako haijakudanganya. Pilau si mbaya, imekuja mapema tu. Watu watakula, watasifia kachumbari, na kila mmoja atapanda lifti na lake moyoni. Gordon Allport, mwanasaikolojia wa Marekani, aliliweka jambo hili wazi mwaka 1954: watu wa makundi mawili kukutana tu hakutoshi. Kukutana kunapunguza ubaguzi pale wanapokutana wakiwa na hadhi sawa, wakiwa na lengo moja, wakilifikia kwa kusaidiana badala ya kushindana, na wakubwa wao wakiunga mkono hadharani. Mwaka 2006 Pettigrew na Tropp walikusanya tafiti zaidi ya 500 juu ya suala hilo, wakakuta kwamba kukutana husaidia mara nyingi, na husaidia zaidi masharti hayo yanapokuwepo. Sasa pima jengo lenu. Mlinzi anakutana na wenye fleti kutwa mara kadhaa, mwaka mzima. Dada wa kazi analala nyumba moja na bosi wake. Kukutana mnako tele, kinachokosekana ni hadhi sawa.

Kwa hiyo tunakupa mpango wa miezi sita. Mpangilio wake usiuvuruge, kwa sababu majengo na ofisi nyingi zinakwama kwa kuanza na mazungumzo wakati watu bado wanadharauliana ngazini.

Anza na maneno na lifti, wiki hii. Tangazo la mistari miwili lenye sahihi ya mwenyekiti, si yako, libandikwe kando ya kitufe cha lifti kila ghorofa: lifti ni ya kila aliye ndani ya jengo, na mlinzi aitwe kwa jina lake, baba fulani. Kama wasiwasi ni mizigo kuharibu lifti, wekeni kanuni ya mzigo: mtungi wa gesi, samani na ndoo za maji zina saa zake, awe anabeba mwenye fleti au dada. Kanuni ikimlenga mtu inakuwa ubaguzi, hata kama nia ilikuwa kulinda lifti. Katiba yetu, ibara ya 13, imetaja rangi na hali ya maisha miongoni mwa mambo ambayo mtu haruhusiwi kubaguliwa kwayo, na mwenyekiti anaweza kuitaja ibara hiyo pasipo kumnyooshea mtu kidole.

Hapa pana hatari moja. Tangazo likitoka, kuna bosi atakayemgeukia dada wa kazi: "Nani kapeleka maneno?" Kwa hiyo msitaje fleti, msiwaite madada kutoa ushahidi kikaoni, na suala la kikombe lisiingie kwenye tangazo. Hilo ni la ndani ya nyumba za watu, halibadilishwi kwa amri. Litafikiwa baadaye, na litafikiwa na mwenye nyumba kwa mwenye nyumba mwenzake.

Yule mzee na yule kijana wote wana deni. Matusi yalitolewa kikaoni, kwa hiyo msamaha uombwe kikaoni. Kabla ya hapo mwenyekiti amwone kila mmoja peke yake, angalau mara mbili. Mara ya kwanza mtu hujitetea tu, ya pili ndiyo husikia. Msamaha unaoponya una mambo manne: kulitaja neno lenyewe lililosemwa, kusema lilimuumiza nani, kutoweka "lakini" popote, na kusema utafanya nini tofauti. Aliyekosewa asilazimishwe kujibu "nimesamehe" palepale. Mpeni nafasi.

Na kila mmoja wao aelezwe neno lake lina uzito gani, maana wengi hawajui. Mwafrika wa Tanzania akisikia "boi" anasikia enzi ambazo mwanaume mwenye familia aliitwa mtoto na aliyemwajiri. Mhindi wa Afrika Mashariki akisikia "rudini kwenu" anasikia Agosti 1972, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Familia nyingi za Upanga zilikuwa na ndugu kule. Kijana wenu alidhani ametukana, mzee akasikia tishio. Aambiwe pia kwamba hoja yake ilishajibiwa hapa kwetu Oktoba 1961, kabla hata ya bendera kupanda: baadhi ya wabunge walitaka uraia ufuate rangi ya ngozi, Nyerere akakataa kabisa, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kulikubali hilo.

Mwezi wa kwanza huohuo, shikeni hesabu. Fleti 24 kwa 80,000 ni shilingi 1,920,000 kwa mwezi. Kila tarehe 5 mweka hazina atume ukurasa mmoja: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na picha za risiti. Atume kwenye kundi moja la WhatsApp. Lile la pili msilifute kwa amri, watu wataanzisha la tatu. Hakikisheni tu kwamba taarifa za jengo hazipatikani kwingine isipokuwa kwenye kundi la wote.

Orodha ya wadaiwa ibadilishwe: namba ya fleti na miezi inayodaiwa, bila majina. Na hapa, Dada Katibu, usikimbie hesabu yenyewe. Wadaiwa wanne katika fleti 10 ni wengi kuliko wawili katika 14, na ukilificha hilo upande wa pili watasema unapendelea. Lakini linganisha wapangaji na wapangaji, wamiliki na wamiliki. Umesema Wahindi wengi jengoni ni wamiliki na Waafrika wengi ni wapangaji. Mpangaji wa Dar hulipa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na mara nyingi mwenye nyumba alimwambia ada ya huduma imo humo, kumbe hailipi. Nenda fleti kwa fleti, omba kuona mkataba wa pango, uandike ada ni ya nani. Kuna uwezekano mkubwa ukakuta deni nusu ni la wamiliki wasiokaa hapo. Hivi ndivyo ubaguzi unavyojilisha: tofauti ya hali inasomwa kama tofauti ya rangi, na kwa kuwa namba inaonekana kweli, hakuna anayejisumbua kuichunguza. Anayedaiwa kwa haki apewe ratiba. Mwenye miezi mitano, shilingi 400,000, alipe 80,000 ya mwezi na 40,000 ya deni kwa miezi 10.

Kamati nayo ichaguliwe upya. Mtashawishika kugawana viti, watatu Wahindi na watatu Waafrika. Msifanye hivyo. Uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959 ulikuwa wa kura tatu, kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. TANU iliuchukia mpango ule, ikaamua Tabora mwaka 1958 kushiriki, ikaunga mkono wagombea wa rangi zote, ikashinda, na baada ya hapo utaratibu wenyewe ukaachwa. Kiti kikishakuwa cha rangi, anayekikalia analazimika kuitetea rangi yake ili asipoteze kiti. Ninyi mna ghorofa sita: mjumbe mmoja kwa kila ghorofa, anayechaguliwa na fleti nne zinazochangia korido moja na taa moja. Mwenyekiti na mweka hazina wabadilishwe kila miezi 12. Waweka sahihi wa benki wawe wawili kutoka ghorofa tofauti.

Vikao viwe kwa Kiswahili na mihtasari iandikwe kwa Kiswahili. Wazee wasiokimudu vizuri wakae na mjukuu wa kuwatafsiria, na ajenda wapewe siku tatu kabla. Waelezwe kwamba Kigujarati na Kikachi havijakatazwa koridoni wala popote, ila uamuzi wa pesa za wote usemwe kwa lugha ya wote. Mwaka 2004 mchumi Edward Miguel alichapisha ulinganisho wa wilaya za Busia, Kenya, na Meatu hapa kwetu. Busia, shule zenye mchanganyiko wa makabila zilikusanya michango kidogo. Meatu mchanganyiko haukuwa na madhara hayo, naye akaona sababu ni sera zetu za kujenga taifa, Kiswahili kikiwemo. Tunajivunia hilo, na ni haki yetu. Lakini utafiti ule ulihusu makabila. Kuhusu rangi tulichagua kunyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikolipuka kwenye kikao chenu.

Sasa kazi ya pamoja. Pampu iliyoungua ni bahati yenu. Unganisheni ghorofa: ya kwanza na ya nne, ya pili na ya tano, ya tatu na ya sita. Kila kundi litoe watu wanne waliochanganyika, wafanye kazi kwa wiki nne, mzunguko mzima ni wiki 12. Kila mtu ashike kipande ambacho wenzake hawana: mmoja anasoma mita ya maji saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, mwingine analeta bei za pampu kutoka maduka matatu ya Kariakoo na Gerezani, wa tatu anafuatilia bili za DAWASA na umeme wa LUKU, wa nne anasimamia usafi wa tangi. Uamuzi haufanyiki mpaka vipande vinne viwekwe mezani. Mbinu hii Elliot Aronson aliibuni mwaka 1971 kwa madarasa ya Austin, Texas, shule zilipoacha kutenganisha watoto kwa rangi na vurugu zikaanza. Mtoto aliyedharauliwa alisikilizwa kwa sababu kipande chake kilihitajika. Kinachoharibu ni kumpa Mhindi hesabu na Mwafrika kubeba ndoo. Zungusheni vipande kila wiki.

Msitarajie pampu ifanye kila kitu. Salma Mousa alichapisha mwaka 2020 utafiti wa ligi ya mpira kaskazini mwa Iraki, baada ya vita vya ISIS, ambako timu za Wakristo ziliongezewa wachezaji Waislamu. Wakristo waliocheza nao walikuwa tayari kuendelea kufanya mazoezi na Waislamu miezi kadhaa baadaye. Nje ya uwanja, mambo hayakubadilika sana. Ndiyo maana ya hatua mbili zinazofuata.

Mwezi wa nne ndipo mzungumze. Meza ndogo za watu sita, watatu kwa watatu, saa mbili, mwendeshaji asiyekaa jengoni. Kila mtu dakika nne bila kukatizwa, juu ya maswali mawili tu: lini ulijisikia si wa hapa, na nini kilifuata. Hakuna kujibu mpaka wote sita wamalize. Wiki moja kabla, wapeni wote ukurasa mmoja wa historia ya mtaa wenu, usioficha la upande wowote. Uandike kwamba mji huu uligawanywa kwa makusudi, kuanzia kanuni za ujenzi za Wajerumani za 1891 hadi kanda za Waingereza katika miaka ya 1920: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kutenganisha Uhindini na Kariakoo. Upanga yenyewe ilipanuliwa baada ya Vita vya Pili kwa ajili ya Waasia. Shule zilikuwa za aina tatu kwa rangi mpaka Januari 1962. Kisha uandike kwamba Aprili 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, wamiliki wengi wakiwa Wahindi, na jengo lililozidi miaka 10 halikulipiwa fidia. Wengi walihama nchi. Babu wa jirani yako hakuwa kabaila kwa macho ya wajukuu wake, alikuwa babu aliyejenga nyumba. Na aliyezuiwa na sheria kujenga mtaa uleule naye alikuwa babu wa mtu.

Meza hizi huharibika kwa njia moja: zinageuka mashindano ya nani kaumia zaidi. Mwendeshaji akisikia "hilo si kitu, sisi…" amkatishe palepale. Na asiruhusu maswali ya ndoa. Kuna mtu atauliza "mbona hamtuozi binti zenu", na kikao kitakufa. Ndoa ni ya wanaooana, haiwekwi mezani kama kipimo cha ujirani.

Na fidia iandaliwe kabla ya mazungumzo hayo. Afrika Kusini inafundisha hapa kwa uchungu. Tume ya Ukweli na Maridhiano chini ya Askofu Desmond Tutu ilisikia maelfu ya waathirika kuanzia 1996. Ilipendekeza walipwe kila mwaka kwa miaka sita. Serikali ikatangaza mwaka 2003 malipo ya mara moja, randi 30,000. Pendekezo la kuwatoza kodi waliofaidika na ubaguzi halikutekelezwa. Watu walifunua vidonda, kisha wakaambiwa wangoje. Msifungue vinywa vya watu kama hamna cha kutengeneza.

Ninyi mnacho. Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, mwajiri na mfanyakazi pamoja. Kwa mshahara wa 250,000 ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Ile 1,200,000 ya pilau ni michango ya mlinzi ya miezi 24, mbali na adhabu ya kuchelewa. Mpelekeeni huko, pamoja na mkataba wa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, ziada ilipwe mara moja na nusu na isizidi saa 50 katika wiki nne, na kazi ya usiku iongezewe asilimia 5. Kama analinda saa 12 siku sita, ni saa 72 kwa wiki, ziada 27. Mnahitaji mlinzi wa pili au zamu mpya, na ada huenda ikapanda kwa wote 24, Mwafrika na Mhindi. Semeni hivyo mapema. Madada wa kazi nao wana haki ya mkataba chini ya sheria hiyohiyo, na hapa Waafrika wenye fleti hawana pa kujificha: dada anayelala jikoni bila siku ya kupumzika yumo kwenye nyumba za rangi zote. Mkiliacha hilo, wenzenu Wahindi watajua mlitaka usawa wa juu tu.

Mwezi wa sita hesabu vitu, si hisia: mahudhurio ya kikao kwa kila ghorofa, wadaiwa wamebaki wangapi, ni watoto wangapi wanaolijua jina la mlinzi. Pilau ipikwe hapo, mlinzi akae mezani na geti lishikwe na zamu ya wenye fleti.

Mwenyekiti mwendee peke yako, jioni, na karatasi yenye hesabu ya 50,000 mara 24. Usimwombe akubali mpango wote. Mwombe sahihi moja tu kwenye tangazo la lifti, kabla ya Jumamosi. Akikataa, ghorofa yako ina fleti nne. Anza na korido hiyo na mita ya maji.